Usimtafsirie Rwekaza

Mabatini, Mwanza
Jumatano, mwezi wa saba

Kaka Rwekaza mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu ikiwa imeshayazoea mabuti, na wale maafande uliowataja wakiwa wamekuachia walau muda wa kutafuna chakula kabla ya kumeza. Barua yako ilifika. Mama ameiweka ndani ya Biblia yake, na kila mgeni akija huombwa aisome kwa sauti, hata wale ambao hawakuulizia habari zako. Pale uliposema umekuwa mweusi kama sufuria ya msibani, mama Shimba alicheka mpaka akaomba maji.

Mahali hapa pa barua huwa ninaandika kwamba sisi huku hatujambo na wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili nikaikata. Safari hii wasiwasi uko huku kwetu.

Najua ujumbe umekufikia. Jumapili Baba mkubwa Revocatus alipiga simu kambini akaongea na afande, akaomba uambiwe kwamba Baba ana malaria, amelazwa, anaendelea vizuri, na kwamba usiombe ruhusa mpaka umalize mafunzo. Nilikuwa nimesimama karibu naye wakati anaongea. Katika ujumbe ule kitu kimoja tu ni kweli, kwamba Baba amelazwa. Ninakuandikia bila Baba mkubwa kujua, nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Yeremia, yule dereva wa lori la dagaa aliyepanga kwa mama Shimba, anaondoka kesho kwenda Tunduma na ameniahidi kwamba atapitia getini kwenu. Nakuomba jambo moja tu, kaka. Usifanye kama unavyofanya na vitabu vyangu, ukaanza kusoma ukurasa wa mwisho. Nimejaribu kuanza na mwisho nikashindwa.

Unaikumbuka ile Jumapili Baba aliporudi kutoka Usagara na kidole gumba kimefungwa leso? Mama alikuwa kijijini kwetu Kamachumu msibani, tulikuwa sisi watatu tu. Ulimuuliza ameumia wapi, akasema alikuwa kwenye banda la video la Ogweno akitafsiri muvi, jenereta ikazimika katikati, akatoka nje kuangalia waya. Juu ya waya alikuwa amelala mtoto wa mbwa wa Faith, binti mdogo wa Ogweno. Alisema hakuwa mkubwa kuliko kikombe cha chai. Akamwinua ampeleke pembeni, na yule mtoto wa mbwa akamng'ata kidole. Mama Faith akampaka mafuta ya taa na pilipili iliyopondwa kama wanavyofanya kwao Mara, Baba akapiga kelele kwa ajili ya pilipili kuliko kwa ajili ya mbwa. Sote tulicheka. Wewe ulibweka jioni nzima, kila Baba alipotaka kunyanyua kijiko ulibweka, naye ndiye aliyecheka kutuzidi.

Kesho yake niliongozana naye nikielekea shule. Alipita zahanati kweli, kaka, hilo nililiona kwa macho yangu. Wakamwambia chanjo imekwisha, aende hospitali kubwa. Alisema atakwenda akishamaliza kurekodi muvi iliyokuwa imebaki nusu, kwa sababu wateja wanaonunua muvi kwenye flashi walikuwa wanamsubiri. Wiki ile ndiyo wewe ulisafiri. Tukakusindikiza stendi, tukarudi, kila mtu akashika kazi zake, na kidole kikapona bila hata kuvimba.

Nataka nikueleze habari ya kazi yake, ingawa unaijua. Tangu alazwe ninaifikiria kila saa, na nisipoiandika hutaelewa jinsi mambo yalivyotufikisha hapa.

Unajua sheria ya Baba kwamba staringi, shujaa wa muvi, hafi. Watu wa Mabatini wanaijua kama wanavyoijua sala ya Baba Yetu. Muvi inaweza kutengenezwa China, India au Marekani, lakini ikishafika mbele ya maiki ya Renatus Kahigwa, staringi anatoka mzima. Na wewe unakumbuka jinsi wale watengenezaji wanavyowaua watu wao. Si vitani. Vitani wanapita katikati ya risasi kama wanapita mvua ya manyunyu. Wanauawa mwishoni, kazi ikishakwisha, kwa vitu visivyo na maana. Yule aliyewashinda wachawi saba halafu akateleza bafuni. Yule rubani aliyeruka bila parachuti, akanusurika, akaja kufa kwa kuumwa na nyuki harusini kwake. Baba aliketi pale nyuma ya pazia na kufanya kazi ya kuwafufua. Yule wa bafuni, Baba alituambia amezimia tu, maji ya baridi yatamwamsha. Siku ile shuka jeupe lilipomfunika staringi mpaka usoni, na hata mimi nikaona kwamba safari hii hakuna pa kutokea, Baba alikohoa kidogo kwenye maiki akasema, "Huyo mnayemwona ni pacha wake aliyekuwa masomoni," na banda zima likapiga makofi. Shimba wa jirani alisimama kwenye benchi akauliza huyo pacha amesoma nini mpaka kufa kirahisi hivyo. Baba akamjibu bila hata kupumua kwamba amesoma uhasibu.

Mimi nilikuwa nabishana naye. Unanijua, mbele za watu siwezi kusema hata jina langu, lakini kwa Baba nilikuwa na mdomo. Nilimwambia mwalimu wetu wa fasihi ametufundisha kwamba mtunzi ana haki ya kumuua mhusika wake, na kwamba kifo cha kijinga nacho ni ukweli wa maisha, kwa hiyo anavyofanya ni kuiharibu kazi ya mtu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyonisikilizaga, kichwa upande. Halafu akasema mwalimu wangu hajawahi kukaa na watu waliotoka mwaloni wakiwa wamebeba dagaa tangu alfajiri. Alisema, "Hawa wanaona watu wakifa kijinga kila wiki, Koku. Wanaona bure. Siwezi kuwatoza kiingilio waje waone tena." Nilirudi kwenye kitabu changu, moyoni nikijiona nimeshinda.

Basi, baada ya wewe kuondoka, yule mtoto wa mbwa akaanza kukua. Nadhani ilianza Jumamosi moja Shimba alipomuuliza Baba mbele ya watu kama ni kweli ameng'atwa na kitu cha ukubwa wa kikombe. Baba akasema hapana, alikuwa mbwa kamili. Wiki iliyofuata mbwa alikuwa na urefu wa ndama. Kisha akahama Usagara akaja hapahapa Mabatini, karibu na daraja, na mbele yake akatokea mtoto wa shule aliyetaka kuraruliwa, na Baba akaingia katikati na kumkaba mbwa koo kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika mfuko wa nyanya. Kila muvi ilipochelewa kuanza, watu walidai mbwa. Mama aliporudi Kamachumu alikuta mbwa ameshakuwa wa darajani. Aliposikia habari ya mfuko wa nyanya akatikisa kichwa tu, akasema baba yenu na mambo yake. Hakuuliza habari ya sindano. Nani angeuliza habari ya sindano kwa mbwa kama yule? Wote walijua kwamba ni hadithi, na hadithi haipelekwi hospitali. Baba mwenyewe, nafikiri, aliisimulia mpaka kile kidole chake kikaingia humo ndani ya hadithi na kubaki huko.

Mwishoni mwa mwezi wa sita alianza kulalamika kwamba kidole kinawasha, kile ambacho kilikuwa kimepona kabisa. Akapata homa. Akanunua dawa ya malaria dukani, akainywa kwa shida, akasema koo limekauka. Akawa hataki chai. Mama aliudhika kwa sababu alidhani ameichukia ile sukari nyekundu tuliyokuwa tunatumia. Hata hivyo Jumamosi alikwenda banda la hapa Mabatini. Alikuwa ameiangalia ile muvi siku iliyotangulia na kuiandaa, tena alinionjesha mwisho wake wakati naosha vyombo.

Ilikuwa ya askari mmoja mstaafu. Anakwenda kisiwani peke yake kuwaokoa mateka, anawamaliza maadui wote, anavuka bahari kwa mlango wa nyumba uliong'olewa, anarudi kwao. Asubuhi anavuka barabara kununua maziwa ya mwanawe, na basi la wanafunzi linamgonga. Hata dereva hakuwa mtu mbaya. Anashuka analia. Muvi inaishia hapo, chupa ya maziwa ikiwa imemwagika. Baba aliniambia ameshapata dawa yake. Angesema kwamba basi lile halikuwa limebeba wanafunzi, lilikuwa limejaa madaktari kutoka kwenye semina, na kwamba hao wanashuka sasa hivi. Alifurahi sana kwa hilo la semina.

Mchana ule nilikuwa nyuma ya pazia pamoja naye, nimekaa na kitabu changu. Alikuwa anatoka jasho vibaya. Sehemu ya kisiwani alitafsiri vizuri, ingawa alikuwa anameza mate kama mtu anayemeza mfupa. Shimba alichungulia, akaona jasho, akaleta feni kwa wema wake na kuielekeza usoni kwa Baba. Upepo ulipomgusa tu, alishika shingo kwa mikono miwili. Mwili wote ulijikunja. Maiki ilikuwa wazi, watu wakasikia pumzi yake ikikwaruza. Nilizima feni, nikamshika, akanionyesha kwa kidole kwamba nisiguse maiki, ataendelea. Hakuendelea.

Muvi yenyewe iliendelea. Nilisikia Shimba akipiga kelele kule mbele, "Mzee, spika imekufa au umekufa wewe?" na watu wakacheka. Kisha askari akafika nyumbani, akambusu mwanawe, akatoka kwenda kununua maziwa, na watu wakaacha kucheka kwa sababu hakuna aliyekuwa anawaambia kinachotokea. Basi likamgonga. Nilikuwa nimempakata Baba, kichwa chake kifuani kwangu, na kupitia tundu la pazia niliwaona watu wote wamekaa wima wakisubiri sauti. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Hakuna aliyenyanyuka. Mtu mmoja wa nyuma, sikumjua ni nani, aliuliza taratibu kama anaogopa kumwamsha mtu, "Kwa hiyo kafa kweli?"

Tulimleta hapa hospitali jioni ileile, mimi, Mama na Shimba. Asubuhi ya Jumapili Baba mkubwa alifika kutoka Bukoba kwa meli, na suti yake ya ualimu mkuu, akashika mambo yote, na kwa kweli tulishukuru, maana Mama alikuwa hawezi hata kutaja umri wa Baba. Daktari ni dada mmoja kijana, anaongea polepole. Alimletea Baba kikombe cha maji. Baba alikitaka, aliunyoosha mkono wake mwenyewe, lakini kikombe kilipokaribia mdomo koo lilijifunga na akakitupa. Yeye aliyekuwa anaogelea mpaka kwenye mawe ya ziwani na kurudi. Daktari hakujaribu tena. Akatugeukia akauliza kama ameumwa na mbwa miezi ya karibuni.

Mama alisema hapana, halafu akasema sijui, kuna hadithi. Baba mkubwa akasema ndiyo, ameumwa, na akaanza kumweleza ile ya darajani. Kaka, aliieleza kwa heshima kabisa. Alikuwa ameisikia kwa simu kutoka kwa Baba mwenyewe, na kwake haikuwa mzaha. Alimwambia daktari kwamba mdogo wake alimwokoa mtoto wa watu. Kulikuwa na bwana afya pale, akaandika Mabatini, darajani, mbwa mkubwa asiye na mwenyewe, mwanafunzi asiyejulikana. Daktari akasema ni lazima mwanafunzi huyo atafutwe leo hii, na yeyote mwingine aliyeguswa na mbwa huyo, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa.

Nilisema sivyo. Sikujua kama nimesema kwa sauti mpaka wote waliponitazama. Nikasema alikuwa mtoto wa mbwa, kule Usagara, kwa Ogweno, na kwamba ana mwenyewe, tena mwenyewe ni mtoto anayembeba. Sauti yangu ilitoka ndogo. Baba mkubwa aliniambia mtoto hajibu wakubwa wakiongea. Nikasema tena. Akanivuta pembeni, hakunifokea, aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "Unataka Kamachumu nzima iseme mwana wa Kahigwa kauawa na kitoto cha mbwa? Kaa chini, mama." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ameshaanza kufikiria yatakayosemwa kaburini, na bado Baba alikuwa anahema ndani.

Bwana afya alikwishaondoka kuelekea darajani. Nilibaki nimesimama pale kwenye korido, najua jina la mtoto, najua nyumba, na hakuna wa kunisikia. Basi nikamwomba nesi aniingize kwa Baba. Alinivisha barakoa na glovu. Chumba wamekifunga mapazia kwa sababu mwanga unamsumbua, na mikono yake wameifunga kwa vitambaa laini, ili asijiumize. Usiogope ukisikia watu wanasema alikuwa amekuwa kichaa. Kuna saa anapotea, anaongea Kihaya na watu ambao hawapo. Kisha anarudi, na akirudi anakuwa Baba kabisa. Nilimkuta amerudi. Nilimwambia wanamtafuta mbwa darajani.

Alinigeuzia kichwa. Sauti yake imekwisha, kaka, imebaki kama karatasi inayochanwa. Baba mkubwa alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni na nesi.

"Alikuwa mtoto wa mbwa," Baba akasema. "Wa Faith. Alikuwa anamlaza kifuani. Nendeni mkamwangalie yule mtoto."

Baba mkubwa alisema sawa, mdogo wangu, pumzika. Nikadhani Baba amemaliza. Lakini alikuwa anajikusanya, kila neno analitoa kwa kulivuta.

"Na Rweka mwandikie wewe," akaniambia. "Usimtafsirie."

Baba mkubwa alitoka, akavaa kofia yake, akamtafuta bwana afya kwa simu, na wakaenda Usagara wote wawili. Walirudi jioni na Faith na mama yake. Yule mtoto wa mbwa alikuwa amekufa siku chache tu baada ya kumng'ata Baba. Ogweno alidhani amekula sumu ya panya, akamtupa shimoni. Faith alikuwa na alama ndogo mbili juu ya kiganja ambazo mama yake alidhani ni miiba. Mama Faith alipiga magoti mbele ya Mama kwenye korido, akilia kwamba pilipili ile aliipaka kwa mkono wake. Mama akapiga magoti naye, kwa sababu hakujua la kufanya jingine, na wakakaa pale chini mpaka manesi wakawainua.

Faith anachomwa sindano hapahapa. Sisi pia tumechomwa, mimi na Mama na Shimba, kwa sababu tulimshika Baba. Daktari amesema wewe uliondoka mapema, huna la kuogopa. Leo asubuhi Faith alikuja kukaa nami kwenye benchi hili na andazi lake. Aliniuliza Baba atakuja lini kumalizia ile muvi iliyokatika siku jenereta ilipozima. Nilimwambia sijui. Daktari anasema Faith ana nafasi nzuri kwa sababu hajaanza kuumwa, lakini hawezi kutuhakikishia kitu mpaka miezi ipite.

Kwa Baba alituhakikishia. Jana nilimfuata peke yangu nikamwuliza kama kuna dawa Dar es Salaam, au India, maana Baba mkubwa amesema yuko tayari kuuza shamba la kahawa. Alikaa chini ili tuwe sawa. Akasema ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hakuna dawa, si hapa wala popote duniani, na kwamba wanachoweza ni kumtuliza asiteseke. Nilimwuliza kama amewahi kuona hata mtu mmoja aliyepona. Akanishika bega. Kaka, nimesoma vitabu vingi kuliko msichana yeyote wa kidato cha tatu pale shuleni, na nilipokuwa nimekaa pale hakuna hata kimoja kilichokuwa na ukurasa kwa ajili yangu. Nilifikiria jinsi nilivyobishana naye. Sasa ningemwacha aseme chochote. Ningemwacha ajaze mabasi yote ya Mwanza kwa madaktari.

Baba mkubwa bado anasema usiambiwe. Anasema ukikatisha mafunzo utapoteza cheti, na Baba mwenyewe asingependa. Mabatini nako hajawaambia habari ya Usagara, na watu wanakuja hapa kwa makundi kumsalimia aliyeokoa mtoto darajani. Wanawake wanaleta uji ambao hawezi kuunywa. Shimba na wenzake wamezunguka na marungu kumtafuta yule mbwa mkubwa, na wameshaua mbwa wa watu ambao hawakuwa na kosa lolote, akiwemo wa mama yake mwenyewe. Nimemwambia Shimba ukweli. Alinitazama kwa huruma, kama vile huzuni imenichanganya, akaniambia, "Koku, mdogo wangu, mzee hawezi kufa kwa kitu cha ukubwa wa kikombe." Mkononi alikuwa bado ana plasta ya sindano. Pengine siku ya mazishi watasoma hiyo ya darajani, na mimi nitakuwa nimesimama pale kimya kama kawaida yangu. Lakini wewe sikukutafsiria.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika. Usiombe ruhusa ya kuja kumwuguza Baba. Yeremia ana mizigo ya kushusha njiani, na daktari ametuambia tusihesabu siku nyingi. Omba ruhusa ya kuja kuzika. Usije Mwanza, nenda moja kwa moja Kamachumu, tutakuwa huko. Afande akikuuliza baba yako amefariki lini, mwambie hujui, kwa sababu aliyekuandikia naye alikuwa hajui. Beba sweta, mwezi huu kule kuna baridi. Ukihisi kulia lilia njiani, usimalizie yote getini.

Mama anakusalimia. Nimemkuta anakunja koti jeusi la Baba na kulikunjua, sikumwambia kwamba nakuandikia, lakini nilipomwomba bahasha alinipa bila kuuliza ya nini. Mama Shimba anakusalimia, anasema ukija umletee mkanda wa jeshi. Faith anakusalimia ingawa hamjawahi kuonana. Baba mkubwa atakusalimia siku atakapojua.

Nimenyanyuka sasa hivi nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikasimama pale mpaka nikaona shuka linapanda na kushuka, ili niweze kukuandikia mstari huu ukiwa bado ni kweli: Baba anakusalimia sana.

Ni mimi mdogo wako,
Kokuberwa Renatus